Fundi anataka kupima madirisha leo, nyumba bado haina plasta: nimruhusu?

"Shikamoo mtaalamu. Najenga nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni, kama dakika kumi kwa miguu kutoka baharini. Nimeshapaua, na wiki ijayo mafundi wanaanza plasta. Nina matundu 11 ya madirisha. Fundi alumini niliyeletewa na shemeji anataka apime sasa hivi na nimlipe asilimia 70, anasema bei ya mali inapanda. Jirani yangu aliweka madirisha ya kusukuma mwaka juzi. Masika yote anatandika matambara chini ya dirisha la sebuleni, na siku hizi vioo vinagoma kusogea. Mume wangu anataka vioo vyeusi kwa sababu ya joto, mama anasema mbao tu, na rafiki yangu aliyeko Dubai ananishauri niagize ya plastiki. Halafu kwenye kona ya dirisha la chumba cha watoto pana ufa mwembamba. Fundi wa plasta anasema ataufunika. Nichague madirisha gani, na fundi mzuri nitamjuaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na la haraka kwa sababu una wiki moja tu: fundi asipime leo. Plasta ya kila shavu la dirisha, yaani ukuta wa pembeni mwa tundu, hula kati ya milimita 12 na 20, na mafundi wawili hawapigi sawa. Tundu la upana wa mita 1.5 likipigwa plasta ya milimita 15 kila upande linabaki mita 1.47. Anayepima sasa anakisia. Akikosea kwa kuzidisha, fremu haitaingia, na utaona plasta yako mpya ikitindwa kwa nyundo. Akikosea kwa kupunguza, itabaki nafasi ya vidole viwili kati ya fremu na ukuta, naye ataijaza silikoni mpaka iwe nene kama mkate. Silikoni ya namna hiyo haikai. Inaachia upande mmoja, na hapo ndipo maji yanapoingilia.

Sababu yake ya bei ina ukweli, lakini ina dawa. Mwandikiane bei ya mita moja ya mraba leo, kwa aina ya alumini na kioo mtakayokubaliana, na vipimo vichukuliwe plasta ya mashavu ikishakauka. Na akikuambia afunge fremu kabisa kabla ya plasta ili "zishikwe vizuri", mkatalie. Saruji mbichi ina ukali wa magadi unaokula alumini na kuacha mabaka meupe yasiyofutika. Kinachotakiwa kuwahi kabla ya plasta ni grili, kwa kuwa miguu yake inazikwa ukutani. Kwa hiyo wiki hii mtafute fundi wa kuchomelea. Huyu wa alumini asubiri.

Sasa matambara ya jirani yako. Watu wengi wakiona maji chini ya dirisha wanalaumu kioo, au wanasema alumini ilikuwa feki. Mara nyingi kosa liko kwenye reli ya chini. Dirisha la kusukuma haliwezi kufunga kabisa kama kifuniko cha chupa, kwa sababu kioo lazima kiteleze. Pembeni mwake hakuna mpira wa kubana, kuna brashi ya manyoya tu. Mvua ya upepo ikipiga, maji yanaingia kwenye reli, na dirisha limetengenezwa likijua hivyo: reli inayakusanya, kisha inayatoa nje kwa matundu madogo yaliyotobolewa upande wa mbele. Matundu yakiwapo na yakiwa wazi, ndani hupati tone.

Upepo nao una kazi yake. Ukipiga ukuta wa nje unasukuma hewa, na ndani ya nyumba hewa inakuwa na msukumo mdogo zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoyainua maji ndani ya reli. Upepo wa kilomita 47 kwa saa unaweza kuyapandisha karibu sentimita moja. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, yaani sentimita nne hivi. Ndiyo maana reli yenye ukingo mfupi wa ndani inavuja siku za dhoruba tu na siku nyingine inaonekana nzima, na mwenye nyumba anabaki kushangaa.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja karibu na bahari ambayo dirisha la sebuleni lilikuwa limeshapakwa silikoni mara tatu, safu juu ya safu. Nilifungua kioo, nikamimina nusu lita ya maji kwenye reli. Yakakaa pale, yametulia kama maji ya sahani. Nikatoka nje kutazama: matundu mawili yalikuwepo, lakini yamezibwa na saruji na rangi ya ukuta. Nikayazibua kwa msumari mwembamba, maji yakaruka yakanilowesha viatu. Kazi yote haikufika robo saa. Mwambie jirani yako ajaribu hivyo kabla hajamwita fundi. Akikuta hakuna matundu kabisa, basi aliyefunga aliyasahau, na yanaweza kutobolewa hapo hapo. Kuhusu vioo kugoma, ainue kioo kimoja akitazame chini. Karibu na bahari rola za bei rahisi, yale magurudumu madogo yanayobeba kioo, zina vyuma vinavyoota kutu, na mchanga unajaa kwenye reli. Rola zinabadilishwa, dirisha halibadilishwi.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo. Fundi anatoboa reli ya chini na kupiga skrubu mpaka kwenye kizingiti, ile sehemu ya ukuta ambayo dirisha linakalia. Kila tundu la skrubu hapo ni njia ya maji kuingia ukutani, na utayaona yakitokeza ndani kama unyevu na rangi inayobanduka chini ya dirisha. Fremu ikamatwe kwa skrubu za pembeni na juu. Kama dirisha ni refu na lazima lishikwe chini pia, kila skrubu ya chini ijazwe silikoni kabla ya kukazwa. Chini ya reli, kizingiti cha nje kiwe na mteremko wa kwenda nje, na kitokeze nje ya ukuta chenye kijimfereji kwa chini, ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Hilo ni la fundi wa plasta, na wiki ijayo ndiyo nafasi yako. Vizingiti tambarare ni vingi mno mitaani kwetu.

Je, basi uachane na ya kusukuma? Sivyo. Yametawala Dar es Salaam kwa sababu ya grili. Tunaweka grili nje, kwa hiyo dirisha haliwezi kufunguka kwenda nje, na likifungukia ndani linakula nafasi na kugombana na pazia. La kusukuma halimgombanishi mtu na kitu, na wavu wa mbu unapata reli yake ya tatu. Ubaya wake ni kwamba la vioo viwili linafunguka nusu tu. Ulilipia tundu la mita mbili za mraba, unapata hewa ya mita moja, tena ikichujwa na wavu. Kwenye joto la Januari hiyo si hasara ndogo.

La kufungua nje, lenye bawaba au mikono ya pembeni, linafunguka karibu lote, na likifungwa linabana mpira pande zote nne. Kwa mvua ya upepo halina mpinzani. Ila linataka grili ikae ndani, na wavu ukae ndani pia, uwe wa kusogeza ili mkono ufike kwenye kishikio. Ni kazi zaidi na gharama zaidi, kwa hiyo sikushauri uweke madirisha 11 ya aina moja. Simama katikati ya nyumba yako ujiulize mvua inakupigia upande gani. Kwa ulipo, upepo wa kusi unaotoka kusini na kusini-mashariki ndio unaokuja na bahari yake. Madirisha ya upande huo yasiyo na baraza yafanye ya kufungua nje. Yaliyo chini ya baraza, au upande uliojificha, weka ya kusukuma na uokoe hela. Chooni na bafuni weka dogo lenye bawaba juu, linalosukumwa nje kwa chini. Hilo unaliacha wazi hata mvua ikinyesha.

Na kila chumba kiwe na tundu upande mmoja na tundu jingine, dirisha au mlango, upande wa pili. Upepo hauingii chumba usichoweza kutokea. Dirisha kubwa moja halipozi chumba kama madogo mawili yanayotazamana.

Kuhusu grili, hapa nakuomba unisikilize kama kaka. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka, yenye bawaba na kufuli kwa ndani, na ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua lakini mwizi hafiki kwa mkono. Moto ukianza sebuleni usiku, dirisha ndilo mlango wa pili. Grili iliyozikwa pande zote nne inamzuia mwizi, na inamzuia na aliyemo ndani. Fundi wa kuchomelea ataongeza bei kidogo kwa bawaba hizo. Mpe.

Twende kwenye vioo vya mumeo. Wazo lake si baya, ila kioo cheusi cha kawaida kinazuia mwanga kuliko kinavyozuia joto. Kinanyonya jua, kinapata moto chenyewe, kisha sehemu ya joto hilo kinaimwaga ndani. Ukikigusa saa tisa alasiri utaelewa. Kioo cha kuakisi, kile kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia, kinarudisha jua nje na kinafanya kazi zaidi. Lakini dawa kubwa ni kivuli, kwa sababu jua likishafika kwenye kioo umeshachelewa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko juu sana mwaka mzima: Desemba linaegemea kidogo kusini, Juni linaegemea kaskazini. Madirisha ya kusini na kaskazini yanakingwa na paa lililotokeza tu. Shida ni magharibi, maana saa kumi jua liko chini na linapita chini ya paa lolote. Kama una dirisha kubwa linalotazama magharibi, weka kioo cha kuakisi hapo tu, au panda mti, au jenga kibaraza. Kwingine kioo cheupe, kile kisicho na rangi, kinatosha, na nyumba itakuwa na mwanga.

Kama anachotafuta hasa ni faragha, ajue kwamba kioo cha giza na cha kuakisi vinaficha mchana tu. Usiku taa zikiwaka ndani mambo yanageuka: wa nje anawaona nyinyi, nyinyi hamumwoni. Pazia litahitajika tu.

Unene wa kioo usiwe chini ya milimita 5 kwa madirisha ya kawaida. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita kwa mita ya mraba, kwa hiyo dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 lenye kioo cha milimita 5 linabeba kilo 22 na nusu za kioo peke yake. Kumbuka hesabu hiyo mtu akikuuzia rola za plastiki laini. Dirisha lolote lililoshuka karibu na sakafu, ambapo mtoto anaweza kuliangukia, liwe na kioo kilichokomazwa kwa moto, kinachovunjika vipande vidogo visivyokata kwa urahisi, au kile cha tabaka mbili zenye karatasi ya plastiki katikati. Kioo kilichokomazwa hakikatwi tena baada ya kukomazwa, sababu nyingine ya kutaka vipimo vya uhakika.

Mama yako hajakosea kuhusu mbao. Mninga au mtiki uliokauka vizuri unaishi miaka mingi, na waliojenga nyumba za kale za pwani walijua faida ya luva za mbao: hewa inapita huku mvua ikibaki nje. Tatizo ni mbao za siku hizi zinazouzwa zikiwa bado na unyevu. Zinapinda, masika zinavimba na kugoma, na kila baada ya miaka michache zinadai msasa na vanishi. Kama una subira ya kuzitunza, weka mbao mlango wa mbele na madirisha yaliyo chini ya baraza, mama afurahi.

Ya plastiki kutoka Dubai nayo yana sifa ya kweli: chumvi haiyagusi, na yanabana vizuri. Yanahitaji chuma ndani ya fremu ili yasipinde, na rangi nyeupe kuliko nyeusi kwa jua letu. Wasiwasi wangu ni siku komeo likivunjika. Utapata wapi jingine linaloingia pale pale? Na ukiagiza kutoka mbali, vipimo vikikosewa hakuna wa kurudishiwa. Kwa nyumba yako ningebaki na alumini, ila alumini ya kweli. Unene wa ukuta wa fremu usipungue milimita 1.2, na upime mwenyewe kwenye kipande kilichokatwa. Rangi iwe ya unga uliookwa, wa mikroni 60 au zaidi. Ile inayokwanguka kwa ukucha haitamaliza masika mbili.

Dakika kumi kutoka baharini, kinachoua alumini ni skrubu kuliko hata hewa yenyewe. Alumini ikigusana na chuma cha kawaida penye chumvi na unyevu, metali hizo mbili zinakuwa kama betri, na alumini ndiyo inayolika. Nimeona fremu nzuri zimefungwa kwa skrubu nyeusi za jipsamu, na baada ya muda mfupi kila skrubu ina mchirizi wa kutu na shimo pembeni yake. Dai skrubu za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 ukizipata, au 304. Nenda na sumaku ndogo: skrubu ikirukia sumaku kwa nguvu, siyo yenyewe, ikivutika kidogo tu, usiogope. Silikoni nayo inuse. Ile yenye harufu kali ya siki haishiki vizuri kwenye saruji na inachokoza chuma; omba isiyo na harufu hiyo. Baadaye osha fremu kwa maji ya bomba na sabuni kidogo kila miezi mitatu, chumvi isikae.

Sasa huyo fundi. Kuletwa na shemeji si kosa, mafundi wazuri wengi tunawapata hivyo, ila mwombe akupeleke kwenye nyumba mbili alizofunga madirisha angalau masika mawili yaliyopita, ziwe upande wa bahari kama yako. Usitazame kung'aa. Sukuma kioo kwa kidole kimoja, tazama kona za fremu kama zimeachana, pitisha mkono chini ya kizingiti kwa ndani, kisha muulize mwenye nyumba, fundi hayupo karibu, kama alirudi alipoitwa. Cheti cha mafunzo ya ufundi stadi cha VETA ni dalili nzuri. Kama ni kampuni, uliza usajili wake Bodi ya Usajili wa Makandarasi na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mtazame pia anavyopima. Anayejua anapima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, na kimo vivyo hivyo, kisha anapima mishazari yote miwili. Tundu la 1.5 kwa 1.2 lililo sawasawa lina mshazari wa mita 1.92 kote. Anayepima mara moja kwa kila upande na kuandika kiganjani, mshukuru umuage.

Ukilinganisha bei, hakikisha wote wanazungumza kipimo kimoja. Mmoja atakutajia kwa futi ya mraba, mwingine kwa mita, na mita moja ya mraba ni karibu futi 10.8 za mraba. Uliza kama wavu, komeo, silikoni, usafiri na ufungaji vimo.

Asilimia 70 kabla ya vipimo ni nyingi mno. Fundi anahitaji hela ya kununua mali, hilo ni haki yake, kwa hiyo asilimia 40 hadi 50 inatosha baada ya kupima. Ukiweza, nendeni dukani pamoja na risiti iandikwe jina lako. Sehemu kubwa ya salio ilipwe madirisha yakifika na kuanza kufungwa, na asilimia 10 uishike mpaka umwagilie kila dirisha kwa mpira wa maji kutoka nje kwa dakika tano na ndani pawe pakavu. Haya yote yaandikwe: unene wa alumini, aina na unene wa kioo, aina ya skrubu, idadi ya madirisha, siku ya kumaliza, na kwamba atarudi bure likivuja ndani ya mwaka. Sainini mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa karatasi, maana inamlinda na yeye.

Nimeuacha ufa mwisho lakini ndio unaotakiwa kuanza. Nyufa nyembamba za juujuu zipo kila nyumba mpya. Unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari ni habari nyingine: huenda linta, ile boriti ya juu ya dirisha, haikuingia vya kutosha ukutani pande zote mbili, au msingi umeshuka upande mmoja. Plasta itauficha miezi michache, kisha ufa utarudi wakati dirisha limeshafungwa, na fremu iliyobanwa haifunguki tena. Hili sikutibu kwa maandishi. Mwite mhandisi au msimamizi wa ujenzi aje aone kwa macho yake, kabla ya plasta kugusa chumba hicho. Wakati unamsubiri, chora mstari wa penseli kwenye ncha za ufa na uandike tarehe. Ufa ukivuka mstari, mwonyeshe. Mafundi waanze na vyumba vingine, cha watoto kiwe cha mwisho.